Nani anacheka, nani anachekwa: maswali yenu kuhusu mzaha, masihara na jamaa zake

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kwenye maneno ya kuchekesha. Tumezipanga kwa jinsi zinavyoshikana, si kwa jinsi zilivyofika.

Swali. Wahariri, ninafasiri kitabu cha watoto na kila ukurasa una kichekesho. Nikifungua kamusi, mzaha ni masihara, masihara ni utani, utani ni dhihaka, na dhihaka inanirudisha kwenye mzaha. Nimekuwa kama ngamia wa kinu cha mafuta. Je, maneno haya ni mamoja? — Mfasiri, Tanga

Jibu. Si mamoja, dada, na kamusi haikukudanganya. Imekupa upande mmoja tu. Maneno haya manne yote yana kicheko ndani yake. Yanapoachana ni kwenye kumjua anayecheka, anayechekwa, na kama huyo anayechekwa ameridhia.

Tuchukue kisa kimoja. Mteja amekwenda kwa fundi cherehani, akapewa suruali, akaijaribu, ikawa inaweza kuingiza watu wawili. Akasema: "Fundi, hii umemshonea tembo?" Sasa sikiliza watu wanne wakisimulia kisa hicho hicho:

"Mteja alifanya mzaha." Hapa neno limetupwa hewani, kila mtu acheke, fundi naye akitaka.
"Mteja alisema kwa masihara." Hapa msimulizi anakuhakikishia kwamba mteja hakuwa na dhati, hakuja kudai pesa zake.
"Mteja alimtania fundi." Hapa wawili hao wanajuana, na fundi ana haki ya kujibu: "Tembo mwenyewe ndiye aliyepimwa."
"Mteja alimdhihaki fundi." Hapa fundi ameumizwa, na pengine mteja alikusudia aumie.

Suruali moja, maneno mamoja, visa vinne. Ukishaamua katika kitabu chako nani anachekwa na kama anajua, neno litajichagua lenyewe.

Asili za maneno haya zinachekesha kuliko vichekesho vyenyewe. Matatu kati yake yametoka Kiarabu. Mzaha ni *mizah*, mzizi wake mim, zai na ha. Angalia vizuri hiyo mim: kwa Waarabu ni herufi ya mzizi, haing'oki. Waswahili walipolisikia neno linaanza na *m*, walilipokea kama wanavyoupokea mti na mkono, wakalitia katika ngeli ya *m-/mi-*, wakalizalisha: mzaha huu, mizaha hii. Ni kama walivyofanya kwa kitabu, ambacho *k* yake ni herufi ya mzizi wa Kiarabu, lakini leo tunasema vitabu bila kuona haya.

Masihara ni hadithi nyingine. Limetoka katika *maskhara*, mzizi sin, kha na ra, na humo mim si ya mzizi, ni kiambishi. Sauti ya *kh* ikalainika kuwa *h*, kama ilivyokuwa kwa khabari na khatari, na kwa kuwa ulimi wa Mswahili haupendi konsonanti mbili zigongane, ikapachikwa *i* katikati, kama ilivyopachikwa katika riziki. Hivyo maskhara ikawa masihara. Zanzibar bado utasikia watu wakitamka *maskhara*, na hawajakosea. Kwa sababu neno linaanza na *ma-*, likaingia ngeli ya *ya-*: masihara haya, masihara yake yamezidi. Halina umoja. Ukiandika "masihara huu" au "masihara hii", mhariri yeyote makini atakupiga mstari mwekundu, na tunaona kosa hilo kila wiki.

Uchungu wa neno hili uko kwenye mzizi wake. Kwa Kiarabu, mzizi huo ni wa kumfanya mtu kichekesho kwa kumdharau. Katika Sura ya 49 ya Qurani, Al-Hujurat, aya ya 11, katazo la watu kuwacheka wenzao limejengwa kwa mzizi huo huo. Kituruki *maskara* na Kiurdu *maskhara* ni mtu wa kuchekesha watu, bwege wa barazani. Lakini Mswahili akikwambia "acha masihara", hakutuhumu kwa dharau yoyote. Anakutaka tu useme la kweli. Sumu imetoka, umebaki ule ukosefu wa dhati.

Dhihaka limekwenda kinyume. Mzizi wake, dhad, ha na kaf, kwa Kiarabu ni wa kucheka tu, kicheko chochote. Mtoto akitekenywa akaangua kicheko, Mwarabu atatumia mzizi huo. Kwa Kiswahili nani atasema mtoto aliyetekenywa anadhihaki? Neno lilianza na kicheko cha kila mtu, likatua kwetu likiwa na ncha. Kwa hiyo masihara na dhihaka ni kama majahazi mawili yaliyopishana baharini: lililoondoka na sumu limefika bila sumu, na lililoondoka jepesi limefika na mzigo. Ndiyo maana anayejua Kiarabu vizuri ndiye anayejikwaa zaidi hapa. Huandika "dhihaka" akikusudia ucheshi mwepesi, msomaji akasoma tusi.

Utani tumeuwekea nafasi yake chini, maana una sheria zake.

Ya kukusaidia mezani kwako ni haya. Mzaha na masihara hayana kitenzi chake, hivyo hubebwa na *-fanya* na *-leta*: "usilete mzaha". Angalia *-fanyia*. "Usiyafanyie masihara maradhi ya sukari" maana yake usiyapuuze. Hakuna anayecheka hapo. Utani una *-tania* na dhihaka ina *-dhihaki*, na vyote viwili vinataka mtu wa kutendwa: unamtania fulani, unamdhihaki fulani. Ukiandika "alikuwa anatania" bila mtendwa, umesema tu hakuwa na dhati, na neno limekaribia masihara. Dhihaka ni ngeli ya *i-/zi-*: dhihaka hii, dhihaka hizi. Utani ni *utani huu* na hauna wingi.

Kisha kuna mahali. Mhusika wako akiwa Nairobi, "acha mzaha" inakaa vizuri mdomoni mwake. Akiwa Dar es Salaam, "acha masihara" au "acha utani" ndiyo atakayosema, na "sikutanii" ndiyo kiapo chake. Kwenye methali huna uchaguzi: *mzaha mzaha hutumbuka usaha*. Methali imesimama juu ya kina, *zaha* na *saha*. Ukiweka masihara, inavunjika. Nayo inasema jambo la mwilini kabisa, kipele kinachochezewachezewa hadi kikapasuka.

Swali. Je, mcheshi na mchekeshaji ni mtu mmoja? Nimeandika kwenye wasifu wa marehemu babu yetu kwamba alikuwa "mchekeshaji", wazee wakanuna. — Msomaji, Mwanza

Jibu. Wazee wana haki. Mcheshi ametoka kwenye *-cheka*: *k* mwishoni mwa mzizi ikikutana na *-i* ya mtenda hugeuka *sh*, kama *-pika* ilivyozaa mpishi na *-andika* ikazaa mwandishi. Basi mcheshi ni mtu wa kucheka, mwenye uso mkunjufu, anayekaribisha watu. Mchekeshaji ametoka kwenye *-chekesha*, naye ni mwenye kazi ya kuwachekesha wengine, aghalabu kwa malipo. Mtu anaweza kuwa mchekeshaji jukwaani na nyumbani asiwe mcheshi hata kidogo. Babu yenu mwandikeni mcheshi.

Swali. Shikamooni wahariri. Tulipofiwa na baba mkwe, walikuja watu waliojiita watani. Mmoja alivaa koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, kisha akalala mlangoni akisema jeneza halitoki mpaka alipwe deni. Shemeji yangu aliyekulia ng'ambo alitaka kumpiga. Huu ni utani gani, na ilitupasa kufanya nini? — Mkwe, Morogoro

Jibu. Marahaba, na poleni kwa msiba. Shemeji yako alisikia neno *utani* akaelewa masihara. Hapo ndipo palipoharibika.

Utani wa Tanzania Bara ni uhusiano, wenye haki na wajibu, kama ulivyo ukwe. Una matawi mawili makubwa. La kwanza ni la ndani ya ukoo. Babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumlalamikia kwamba hamletei sukari. Shemeji hutaniana, binamu hutaniana. Mkwe hataniwi kabisa, kwake ni heshima na kukaa mbali. Ukitaka kujua kama jambo ni utani katika familia fulani, tazama nani wanaruhusiwa kuitana wachumba bila mtu kukasirika.

Tawi la pili ni la kabila kwa kabila. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na hapo wengi hukumbuka misafara ya karne ya 19 iliyoshuka kutoka Unyamwezi hadi pwani, watu wakalazimika kulala na kula kwa wageni. Wangoni na Wanyamwezi nao ni watani, na hapo panatajwa vita. Waliowahi kupigana, walipochoka, walifungua mlango wa matusi ili mkuki upumzike. Aliyeandika mapema na kwa kirefu juu ya uhusiano huu, katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1941, alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Mtu aliyezoea kutulia kimya akichungulia viota ndiye aliyegundua kwamba watu wanaotukanana hadharani ndio wanaoaminiana.

Msibani, mtani anakuja na kazi mbili. Moja ni ile mliyoiona: kumwigiza marehemu, kudai madeni ya uongo, kuzuia jeneza, kuingia kaburini na kusema pamemtosha yeye. Wafiwa wanaolia tangu jana wanajikuta wamecheka, kisha wanaona haya, kisha wanalia tena lakini kwa nafuu. Kazi ya pili watu wa mjini hawaioni: huyo huyo aliyelala mlangoni ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi, kupasua kuni, kuteka maji na kuosha masufuria. Haki ya kuchekesha ameinunua kwa jasho. Akija mtu wa kuchekesha tu, hajashika jembe wala ndoo, huyo si mtani, ni msumbufu.

Mlichopaswa kufanya ni hiki. Mtani anapojitambulisha ("mimi mtani wenu, nimekuja kuzika takataka zangu"), mtu mzima wa ukoo anamjibu kwa lugha hiyo hiyo, na wote waliopo wanasikia kwamba amekubaliwa. Anapozuia jeneza, mnalikomboa kwa kitu kidogo: sarafu, kuku, kitenge, chochote kilicho karibu. Hakuna kima. Akitaja ng'ombe kumi, mpeni shilingi mia tano, atainuka akilalamika kwamba ukoo wenu ni mabahili, na hapo mambo yamekwenda sawasawa. Alichonyakua, kofia au bakora ya marehemu, kinakombolewa vivyo hivyo kabla ya watu kutawanyika. Msimjibu kwa hasira: mtani hakasirikiwi, na ninyi siku ya msiba wake mtakwenda kulala mlangoni kwake.

Mambo huharibika kwa njia tatu tulizozizoea. Kwanza, mtu asiye mtani anajiingiza kwa kuwa ameona wengine wanacheka. Pili, aliyefariki ni mtoto mchanga au kifo kimekuwa cha kutisha; watani wenye busara hapo hufanya kazi za mikono na kufunga midomo. Tatu, siku hizi mtu anarekodi kwa simu na kurusha mtandaoni. Utani unaruhusiwa kwa sababu waliopo wote wanajua nani mtani wa nani. Ukikatwa sekunde 30 ukatazamwa na asiyejua, unaonekana ni dhihaka kwa maiti. Mzuieni mwenye simu, msimzuie mtani.

Na msiwachanganye hao na watani wa mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mashabiki wa Jangwani (Yanga) na Msimbazi (Simba) huitana watani wa jadi. Neno limeazimwa, nalo limeazimwa vizuri. Anayeitwa mtani haitwi hasimu, na hiyo peke yake imepunguza ngumi nyingi. Sheria ya kurudishiana nayo imehama na neno. Mwana Simba atakukumbusha sita bila za mwaka 1977, mwana Yanga atakunyooshea vidole vitano vya Novemba 2023, na kila mmoja anapaswa kumeza zamu yake. Anayetania wenzake wiki nzima kisha akazima simu timu yake inapofungwa, mtaani wanamwona hajui utani.

Swali. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wangu wanashindana kwa mchongoano kuliko wanavyoshindana kwa insha. Je, neno lina asili, au ni la mitaani tu? Na je, ninaweza kulifundisha? — Mwalimu, Nakuru

Jibu. Lina asili safi kabisa, mwalimu. *-chonga* ni kukata kitu kwa ustadi, *-chongoa* ni kukifanya kiwe na ncha, kama unavyochongoa penseli. *-chongoana* ni kufanyiana hivyo, na *mchongoano* limeundwa kwa kalibu ya mchuano na mvutano. Mitaa ya Kenya ndiyo iliyolivalisha maana ya kushindana kwa maneno yenye ncha, lakini cherehani iliyolishona ni sarufi yenu ya darasani.

Kufundisha kunawezekana, maana mchongoano una viungo vitatu tu: sifa, kiungo *mpaka* (au *hadi*), na tokeo lisilowezekana. "Wewe ni mchoyo mpaka ukiota unakula, unafunga mlango kwanza." Sifa ni uchoyo, bawaba ni *mpaka*, tokeo ni kufunga mlango ndotoni.

Wape wanafunzi sifa moja na waandike matokeo matano kila mmoja, kisha wafute manne. Tokeo linalobaki lipimwe hivi. Je, linafuata mantiki ya sifa yenyewe? Mchoyo hufunga mlango, hiyo ni kweli ya kila siku. Ndoto ndiyo iliyoipindua. Mwanafunzi akiandika "wewe ni mchoyo mpaka unaruka angani", sentensi ina bawaba lakini haina mlango. Je, jambo la kuchekesha limekuja mwisho? "Unafunga mlango kwanza ukiota unakula, kwa sababu wewe ni mchoyo" ina maneno yale yale na haichekeshi mtu, kwa kuwa msikilizaji ameona kitendo kabla ya kujua sababu na hana cha kungojea. Je, ni fupi? Likivuka maneno kama 15, hadhira itakuwa imeshamtazama mwingine.

Kanuni moja iweke tangu mwanzo: sifa iwe ya uongo au ya kila mtu. Mtoto mnene kweli akiambiwa mchongoano wa unene, mchezo umekwisha, umekuwa dhihaka, na darasa zima litajua hata kama litacheka. Mchongoano mzuri kwa mtoto mnene ni wa wembamba.

Swali. Wazazi wetu walitazama Vitimbi na Vioja Mahakamani kwenye televisheni ya taifa. Je, kitimbi, kioja na kituko ni maneno ya kuchekesha tangu mwanzo? — Msomaji, Mombasa

Jibu. Hata moja. Kitimbi ni hila, njama ya kumkwamisha mtu. Mpaka leo ukisema "ananifanyia vitimbi kazini" hakuna anayecheka. Kioja ni jambo la ajabu linaloogofya, la kumfanya mtu ashike kifua. Kituko kina undugu na *-shtuka*: jambo la kugutusha. Yote matatu yalikuwa ya hofu na hila kabla hayajawa ya kicheko, na vipindi hivyo vya Kenya vimechangia sana kuyahamisha. Sebule nzima ikicheka kila wiki chini ya jina la Vitimbi, hila yenyewe inasahaulika.

Mfasiri wetu wa Tanga asome hapa pia, maana kwa ule ucheshi wa ajabuajabu, usio na wa kumuumiza, wa mtu anayevaa kofia juu ya kofia au kuongea na mbuzi wake kwa heshima, neno lililo karibu zaidi ni *vituko*. "Mzee yule ana vituko." Hakuna anayechekwa kwa dharau, hakuna aliyelengwa, na mshtuko wa zamani bado umo ndani kidogo: hujui atafanya nini baadaye. Litumie katika wingi. "Ana kituko" ni tukio moja. "Ana vituko" ni tabia. Lakini tahadhari na "kuwa kituko": "amekuwa kituko mtaani" maana yake amejiaibisha. Herufi moja ya ngeli inabeba tofauti kati ya mzee anayependwa na mzee anayesemwa.

Viroja ni ndugu wa vioja, maana ile ile.

Swali. "Kupiga chuku" na "kupiga kijembe": chuku ni nini, na hicho kijembe ni cha kulimia? — Msomaji, Lindi

Jibu. Vyote viwili vinaweza kukutana kwenye mkoba mmoja, wa mtu wa kuumika. Chuku ni pembe ya mnyama iliyotobolewa nchani. Mwumikaji huchanja ngozi kidogo, huibandika pembe kwa upande mpana, hufyonza hewa kupitia tundu, kisha huliziba kwa nta. Ngozi huvimba ndani ya pembe, damu hutoka. Anayepiga chuku katika hadithi naye anafanya kitu hicho hicho: samaki wa kiganja anavimba mpaka anaingia mtumbwini kwa shida. Kijembe, jembe dogo, ni kisu kidogo chenye makali, na katika maneno ni lile neno fupi lisilotaja jina ambalo mlengwa peke yake analisikia likikata. Jirani akisema kwa sauti "wengine hupika pilau kwa moshi wa kwetu", wote wataendelea kula isipokuwa mmoja.

Chuku haina mlengwa, ndiyo maana haimgombanishi mtu. Kijembe kikikosa mlengwa hakina kazi.

Swali. Je, Abunuasi aliishi kweli? — Mwanafunzi, Zanzibar

Jibu. Aliishi, ila si yule wa hadithi. Abu Nuwas, jina lake Al-Hasan bin Hani, alikuwa mshairi wa Kiarabu mwenye mama Mwajemi, aliyesifika Baghdad zama za Harun al-Rashid kwa mashairi ya mvinyo na ulimi usiozuilika. Baadaye wasimulizi wakamtwika kila kisa cha ujanja kilichokosa mwenyewe, na kisa kilipofika pwani yetu mshairi alikuwa ameshapotea, amebaki mjanja wa kumhenyesha sultani. Ukitaka kumtambua katika hadithi, angalia jinsi anavyoshinda: huichukua amri ya mkubwa neno kwa neno, akaitekeleza hivyo hivyo, mpaka aliyeitoa anaomba ibatilishwe.